Gari Liende, Kumbukumbu Ibaki

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wasomaji wetu watukufu, mama zetu na dada zetu mnaotupokea majumbani mwenu kila wiki, katika mitaa yetu ya pwani kuna jambo linaloonekana na wote, ilhali ni wachache wanaolizungumza. Jambo lenyewe ni gari lililosimama uani. Limefunikwa turubai, au limeachwa wazi chini ya mwarobaini. Matairi yamekaa chini, panya wamekwisha kula nyaya, na chumvi ya bahari imeanza kuitoboa milango. Ukiuliza, utaambiwa kwa sauti ya chini, "Hilo ni la marehemu." Na ukiuliza mbona haliuzwi, utajibiwa, "Tutaliuzaje? Ndilo lililobaki la kutukumbusha."

Wiki hii tumekusudia kulizungumzia gari hilo kwa upole, kwani tunajua kwamba chini ya turubai lile pana jeraha. Tutakalolisema ni moja: kumkumbuka mtu ni jambo moja, na kuikalia mali aliyoiacha ni jambo jingine. La kwanza ni ihsani. La pili laweza kuwa dhulma, hata likifanywa kwa mapenzi. Na kwa kuwa moyo hauachi kitu kwa urahisi mpaka upate kingine cha kushika, tutaeleza pia ni nini ambacho mikono yetu yaweza kutengeneza, ili gari liende na kumbukumbu ibaki.

Aliyevunja kila alichokuwa nacho

Natuanzie mbali, kisha turejee nyumbani. Mwezi wa Februari mwaka 2001, mjini London, msanii Mwingereza kwa jina Michael Landy aliingia katika jengo lililokuwa duka kubwa la nguo kwenye barabara ya Oxford Street. Humo akaweka mashine na ukanda mrefu unaozunguka. Kabla ya siku hiyo alikuwa amekaa takriban miaka mitatu akiandika orodha ya kila kitu alichokimiliki duniani, tangu samani hadi soksi, tangu pasipoti hadi barua na picha za jamaa zake. Orodha ilipokamilika ilikuwa na vitu 7,227. Alivigawa mafungu: nguo, vyombo vya jikoni, vitu vya umeme, vitu vya kusoma, kazi za sanaa, hata vyakula. Gari lake, aina ya Saab, lilikuwa na fungu lake peke yake.

Kisha, kwa muda wa wiki mbili, yeye na wasaidizi wake waliovaa ovaroli za buluu walikifungua, wakakivunja na kukisaga kila kimoja katika vitu hivyo, huku watu kwa maelfu wakiingia kutazama. Gari nalo lilifunguliwa skurubu kwa skurubu. Hapana kilichouzwa, hapana kilichopewa maskini. Mabaki yote yalipelekwa jaani. Kazi hiyo ndiyo aliyoiita sanaa, na lengo lake lilikuwa kuwauliza watu wa mji ule unaonunua usiku na mchana: mtu akivuliwa vitu vyake vyote, ni nini kinachobaki?

Sisi hatuliafiki tendo lile. Mtume (S.A.W.) ametukataza kupoteza mali, na nguo iliyosagwa mbele ya mtu anayeona baridi haina utetezi. Hata hivyo, mwenye akili huokota funzo popote alionapo, na humo tumeokota mawili.

La kwanza ni ile orodha. Mtu yule alikaa miaka mitatu kabla ya kuviacha vitu vyake, akakishika kila kimoja, akakitazama na kukiandika. Ni wangapi kati yetu wanaojua walicho nacho? Ni nyumba ngapi ambazo mwenyewe amefariki, na jamaa hawajui ana deni la nani, amewekewa amana na nani, wala ni kipi chake na kipi alikiazima?

La pili ni kile kilichobaki hadi mwisho. Kitu cha mwisho kuingia katika mashine hakikuwa gari, ingawa gari ndilo lililokuwa kubwa. Kilikuwa koti la ngozi ya kondoo, lililokuwa la baba yake. Baba huyo alikuwa mchimbaji wa mahandaki, na mwaka 1977 aliumia vibaya kazini asiweze kufanya kazi tena. Landy mwenyewe amesimulia kwamba mama yake alipofika pale kutazama, alianza kulia, na mwanawe akamtoa. Enyi mama zetu, hapana shaka mnayafahamu machozi yale kuliko sisi. Gari liliweza kwenda. Koti ndilo lililokuwa zito.

Mama aliyehifadhi kila kitu

Sasa tuitazame nyumba ya pili, ambayo ni kinyume cha hiyo. Mjini Beijing, nchini Uchina, aliishi mama mmoja kwa jina Zhao Xiangyuan. Alilelewa katika miaka ya dhiki, wakati ambapo nguo na sabuni vilipatikana kwa kipimo, na mtu wa kawaida hakutupa hata kifuniko cha chupa. Akawa mama wa kuhifadhi. Aliweka vipande vya sabuni miaka na miaka ili wanawe wasije wakakosa. Zama zikageuka, sabuni ikawa tele madukani, naye akaendelea kuweka.

Mwaka 2002 mumewe alifariki. Tangu siku hiyo kuhifadhi kukageuka kuwa maradhi ya huzuni. Nyumba ilijaa vyungu, viatu, vitambaa, chupa na mifuko, hadi nafasi ya kupita ikawa nyembamba. Wanawe wakitaka kupunguza, yeye huzidi kushikilia, kwani alihisi kwamba kila kitu kikiondoka, nyumba inazidi kuwa tupu.

Mwanawe, Song Dong, ni msanii. Hakumkemea mama yake, wala hakungoja atoke ili avitupe vitu kwa siri. Alimwomba wafanye kazi pamoja. Mwaka 2005 walivitoa vitu vyote nyumbani, zaidi ya 10,000, wakavipanga katika ukumbi, aina kwa aina, safu kwa safu: viatu na viatu, ndoo na ndoo, sabuni na sabuni. Katikati wakasimamisha fremu ya mbao ya nyumba yao. Mama mwenyewe alikuwapo, akipanga, akikunjua, akiwasimulia wageni habari ya kitu hiki na kile. Song Dong akaandika kwa taa ujumbe kwa baba yake marehemu, kumtuliza kwamba mama na watoto hawajambo. Kazi hiyo ilionyeshwa baadaye katika miji mingine ya dunia, New York mwaka 2009 na London mwaka 2012. Mama alikwisha kufariki mwaka 2009, lakini kabla ya hapo alikuwa amerudi kuzungumza na watu.

Tazameni hekima iliyomo. Huzuni ya mama yule haikuponywa kwa kunyang'anywa vitu, wala kwa kuachwa navyo gizani. Ilipata nafuu pale vitu vilipotolewa nje, vikapangwa, na mama akapewa nafasi ya kusimulia. Alichokuwa akikishika si sabuni. Alikuwa akishika habari ambayo hapana aliyeketi kumsikiliza.

Kasha la nguo

Mke wa Song Dong, Yin Xiuzhen, naye ni msanii, na kazi yake moja ya mwaka 1995 itawagusa kina dada wanaojua kushona. Alikusanya nguo alizovaa yeye mwenyewe kwa miaka kama 30, tangu utotoni. Akazikunja, akazishona zisifumuke, akazipanga ndani ya sanduku la mbao lililotengenezwa na baba yake, kisha akazimwagia saruji. Zikawa umri wake mzima katika sanduku moja, mtu aweza kulizunguka kwa hatua chache.

Kwetu pia kasha ni jambo linalojulikana. Bibi zetu wa Lamu na Mombasa walikuwa na makasha ya mbao yaliyopigwa misumari ya shaba, na ndani yake mliwekwa leso za harusi, udi, dhahabu kidogo na hati za nyumba. Kasha lilikuwa na kipimo chake. Kisichoingia kilitolewa, kikapewa binti, jirani au maskini. Nasi tunadhani kwamba kipimo kile kilikuwa malezi: huzuni ya mtu iliwekewa mipaka ya mbao nne.

Miaka 12 baadaye, mwaka 2007, Bi Yin alichukua basi dogo, akalikata katikati, akaiunganisha sehemu ya mbele na ya nyuma kwa handaki refu lililoshonwa kwa nguo kuukuu za watu wengi. Wageni waliweza kuingia na kuketi ndani yake. Chombo cha safari kikawa chumba cha kukaa, na ukuta wake ni mavazi ya watu. Nasi tukilifikiri basi hilo twaliona gari la familia lilivyo: bati na injini havitupi kumbukumbu, ila watu waliokaa humo na nguo walizovaa siku hiyo.

Turejee uani

Sasa tulirudie gari letu chini ya mwarobaini. Mtu akifariki, alichokiacha chote huwa ni tirka. Hutolewa gharama za mazishi, kisha hulipwa madeni yake, kisha hutekelezwa wasia wake usiozidi thuluthi moja, na kilichobaki ni haki ya warithi kwa mafungu yaliyopangwa. Gari limo ndani ya hesabu hiyo. Nguo zimo. Saa ya mkononi imo. Hata bakora aliyoegemea imo. Hapana kitu kinachotoka katika tirka kwa sababu kinapendwa.

Tuchukulie mfano, wa kukadiria tu. Mtu amefariki akaacha mke na watoto, baadhi yao wadogo. Wazazi wake walitangulia, na madeni yamekwisha kulipwa. Gari lake, likiuzwa mwezi huo, lina thamani ya shilingi 800,000. Mjane ana thumni, yaani sehemu moja katika nane, nayo ni shilingi 100,000. Watoto wana shilingi 700,000, wagawane kwa mafungu yao. Lakini nyumba nzima inasema gari lisiguswe. Miaka mitatu inapita. Betri imekufa, matairi yamepasuka, kutu imeingia. Mnunuzi anatoa shilingi 320,000. Sasa thumni ya mjane ni shilingi 40,000, na sehemu ya watoto ni shilingi 280,000. Ni nani aliyechukua shilingi 420,000 za watoto? Hapana mwizi aliyeruka ukuta. Zimeliwa na kutu, na mlango wa kutu ulifunguliwa kwa jina la mapenzi.

Na katika watoto hao, aliye mdogo hana uwezo wa kusamehe haki yake, wala mlezi wake hana idhini ya kumsamehea. Mtu mzima aweza kusema, "Mimi fungu langu nimeliacha." Mtoto wa miaka saba hawezi, na akisema, neno lake halichukuliwi. Mali ya yatima ni jambo ambalo Qur'ani imelitia uzito mkubwa, na hatujui sheria yoyote inayoiruhusu kuozeshwa kwa ajili ya kumkumbuka baba yake. Baba mwenyewe, lau angeulizwa, angechagua lipi: gari lake lisimame, au karo ya mwanawe ilipwe?

Tunajua pia kwamba si kila gari lifaa kuuzwa. Likiwa ni la biashara, lenye kuleta riziki kila siku, warithi waweza kukubaliana lifanye kazi, na mapato yakagawanywa kwa mafungu yao, kwa hesabu iliyoandikwa. Na mmoja wao akilihitaji kwa haki, kwa mfano ana mgonjwa wa kupelekwa hospitali kila wiki, basi lithaminiwe na mtu mwaminifu, naye alichukue ndani ya fungu lake, au awalipe wenziwe kinachozidi. Kisichofaa ni la kusimama, ambalo halimpeleki mtu popote wala halimlishi mtu.

Heshima haina matairi

Kuna nyumba nyingine ambazo hapana aliyefariki, lakini gari limekuwa mzigo. Mkopo haujakwisha, bima inadaiwa, petroli imepanda, na gereji imekuwa kama mtoto wa pili wa kulipiwa karo. Bwana na bibi wote wawili wanajua kwamba heri liuzwe. Wanachoogopa ni macho ya mtaa. Bwana aliyekuwa akiingia kwa honi, kesho aonekane ameshuka kwenye tuktuk!

Tuwakumbushe jambo. Mji Mkongwe wa Lamu una vichochoro ambavyo gari haliwezi kupita, na watu wake wameishi karne nyingi kwa miguu, kwa punda na kwa vyombo vya baharini. Mwaka 2001 mji huo uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Humo wametoka maulamaa, washairi na mafundi wa nakshi, na hapana aliyepimwa heshima yake kwa kilichoegeshwa mlangoni. Isitoshe, magari mengi tunayoyaonea fahari hapa Kenya yalikwisha kutumiwa na watu wengine kabla ya kushushwa katika bandari yetu ya Mombasa, aghalabu yakitoka Japani. Kanuni ya nchi hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka 8. Basi hilo tunaloona haya kuliacha, kuna mwenzetu ng'ambo aliyekwisha kuliacha kabla yetu, na huenda hakumwaga hata chozi. Lilipita kwake, likapita kwetu, na litapita kwa mwingine.

Mikono itengeneze nini

Moyo, tulisema, hutaka kitu cha kushika, na dini yetu haikukataza hilo. Mama yetu Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, ilipokewa kwamba alikuwa akishona viatu vyake na kutia viraka nguo zake. Na siku moja alipopita akamwona kondoo aliyekufa, aliyekuwa sadaka ya mjakazi aliyeachwa huru na Bi Maymuna (R.A.), aliuliza mbona hawakuichukua ngozi yake wakainufaikia. Walipojibu kwamba ni mzoga, aliwafahamisha kwamba kilichoharamishwa ni kumla. Ngozi ile, ambayo wengine walikwisha kuitupa, aliiona bado ina faida. Hayo ndiyo mafunzo yetu juu ya vitu vikuukuu: visisagwe, wala visirundikwe, bali vipatiwe kazi nyingine.

Na watu wa pwani ni mafundi wa jambo hili. Matanga yaliyochakaa hushonwa mikoba. Mbao za majahazi yaliyovunjika hufanywa fremu na viti. Tairi la gari hugeuka akala, na springi zake hufuliwa panga na visu. Leso ikishachoka kuvaliwa huwa mbeleko, kisha kitambaa cha kufutia, na haiachi kazi mpaka iwe nyuzi. Basi tunazishauri familia zifuate utaratibu huu, hatua kwa hatua.

Kwanza, andikeni orodha. Eda ya mjane isiwe sababu ya kuchelewesha jambo hili, kwani orodha huandikwa nyumbani. Wakae warithi wakubwa, pamoja na mtu mmoja au wawili waaminifu, waandike kila kitu alichokiacha marehemu, kikubwa na kidogo, na deni na amana zake. Na mbele ya kila kitu, mama au mtoto akiwa na la kusema, liandikwe pia: kanzu hii aliivaa siku ya ndoa ya binti yake, saa hii alinunuliwa na nduguye. Orodha hiyo itakuwa hati ya haki, na papo hapo itakuwa kitabu cha nyumba.

Pili, kubalianeni juu ya vichache vya kubaki. Tumeona mara nyingi jamaa wakizigawa nguo za marehemu siku ya pili ya msiba, kwa nia njema, bila ya kuwauliza warithi. Nguo hizo ni tirka. Zenye thamani zihesabiwe. Zitakazohifadhiwa zikatwe katika mafungu ya wakubwa walioridhia, mafungu ya wadogo yasiguswe. Kisha lichukuliwe kasha moja, au hata sanduku la kawaida, na iwe ahadi: kitakachoingia humu kitabaki, kisichoingia kitakwenda.

Tatu, shoneni. Kanzu mbili, kikoi na kipande cha leso ya mama vyaweza kukatwa miraba na kushonwa shuka la viraka, au foronya kwa kila mtoto. Anayejua kudarizi adarizi pembeni jina la marehemu na dua ya kumuombea. Miwani yake, kalamu yake na kofia yake ya viua vyaweza kupangwa katika fremu ya mbao chini ya kioo na kutundikwa ukumbini, pamoja na maelezo mafupi kwa mwandiko wa mmoja wa watoto. Kazi hii isifanywe na mtu mmoja peke yake chumbani. Wakae shangazi, binti na wajukuu, kwani faida yake kubwa ni maneno yanayosemwa huku sindano inakwenda. Kijana asiyeweza kushona achonge au apige randa mbao za fremu.

Nne, liagieni gari. Kabla halijauzwa, wapeni watoto daftari waandike au wachore safari walizozikumbuka: siku ya Idi mlipobanana kwenda Mama Ngina, usiku mama alipokimbizwa kujifungua, alfajiri baba alipowapeleka madrasa mvua ikinyesha. Chukueni kitambaa kilichofunika kiti chake na tasbihi iliyoning'inia kwenye kioo; hivyo viingie kasha. Lakini ufunguo wa pili msiubakishe, kwani ni haki ya mnunuzi. Mwelezeni pia aibu zote za gari mnazozijua, na hati ya umiliki ihamishwe kwa jina lake bila ya kuchelewa, msije mkaulizwa kwa ajali au faini isiyo yenu.

Tano, gaweni fedha siku zilipoingia, mbele ya mashahidi, na fungu la mtoto mdogo liwekwe mahali litakapoonekana kwa jina lake. Anayetaka kumtolea marehemu sadaka atoe katika fungu lake mwenyewe, asilitolee fungu la yatima.

Neno kwa watoto wakubwa

Tumalizie kwa neno kwa vijana wetu wa kiume na wa kike ambao mama zao wamekuwa wajane. Mkimwona mama amelishikilia gari, au amejaza chumba kwa vitu vya baba yenu, msimkemee, wala msivitoe yeye akiwa ameenda kuzuru jamaa. Mwaka mmoja wa haraka yenu waweza kumvunja zaidi kuliko msiba wenyewe. Keteni naye. Mwambieni, "Mama, tusimulie habari ya kitu hiki," kisha mnyamaze na msikilize, na mmoja wenu aandike. Yamkini atakapomaliza kusimulia habari ya kitu cha kumi, yeye mwenyewe atasema cha kumi na moja kipewe fulani. Na kama hatasema leo, rudini kesho.

Nanyi kina mama, tunajua kwamba siku gari litakapotolewa uani, na matairi yake yakaacha alama mchangani, patakuwa na uwazi wenye kuuma. Alama zile zitafutika kwa mvua. Shuka la viraka litakuwa kitandani, daftari litakuwa ndani ya kasha, karo ya mtoto itakuwa imelipwa, na dua itaendelea kupanda. Katika hayo yote, ni lipi ambalo marehemu angelililia?

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, awape subira waliobaki, na atujaalie kuwa watu wa kuzirudisha amana kwa wenyewe.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.